Wewe tumbaku, shemeji yako zabibu: nani kaionja wiski vizuri?

Swali kutoka kwa msomaji wa Mwanga, Kigoma:

“Shikamoo mzee. Dada yangu aliniletea chupa ya wiski ya Scotland, ile ya kimea inayotoka kiwanda kimoja, asilimia 46, na lebo inasema imemaliziwa kwenye mapipa ya sheri. Niliifungua nyumbani jioni, baada ya kula migebuka, nikaimimina kwenye glasi ya maji. Nilichokisikia: tumbaku, ganda la chungwa lililoungua, na mwishoni njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Wiki mbili baadaye nikapanda treni na nusu iliyobaki hadi Tabora kwa shemeji, mume wa huyo dada. Yeye akaonja, akaandika: zabibu kavu, asali, chokoleti. Kiberiti hakukisikia kabisa. Lebo yenyewe inataja keki ya Krismasi na tini. Shemeji anasema migebuka na pilipili vimeniharibu mdomo. Nani yuko sahihi? Na nitajuaje kama ninachokionja kipo kweli au najitungia?”

Marahaba, mwanangu. Mwambie shemeji migebuka haijawahi kumharibia mtu mdomo, la sivyo Kigoma nzima wangekuwa hawatofautishi chumvi na sukari. Pilipili ni kesi nyingine, nayo nitaifikia.

Nimeyasoma maelezo yenu yote mawili, nikayaweka bega kwa bega, na ninavyoona mimi mmetofautiana jambo moja tu: kiberiti. Hayo mengine ama ni harufu moja iliyopewa majina mawili, ama ni pande mbili za pipa lile lile, ama yametokana na namna kila mmoja alivyoonja. Mmelinganisha maneno. Wiski yenyewe bado hamjailinganisha.

Ujue pia unaongea na nani. Kazi yangu hapa Tabora ni kuwaonjea asali wanunuzi, lakini kabla ya hapo nilisimama miaka mingi nyuma ya kaunta ya baa ya hoteli moja Dar es Salaam, na huko ndiko nilikojifunzia wiski, kwa kunusa zaidi kuliko kunywa. Vijana siku hizi chupa kubwa ya pombe kali wanaiita mzinga. Basi mimi nimeishi na mizinga ya aina zote mbili, na pua inayotumika ni ile ile.

Tuanze na pipa, maana bila hilo tutakuwa tunabishana hewani. Wiski ya aina yako hutengenezwa kwa kimea, yaani shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, pamoja na maji na hamira, kisha hukenekwa, ndiyo kuchemshwa na mvuke wake kupozwa, kwenye mitungi mikubwa ya shaba. Ikitoka pale ni nyeupe kama maji. Sheria ya Scotland inataka ilazwe kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, huko huko kwao, kwa miaka isiyopungua 3, na ikitiwa chupani isiwe chini ya asilimia 40. Mara nyingi pipa la kwanza ni la lita 200 hivi lililokwisha kutumika Marekani kwa bourbon, wiski ya huko, ambalo ndani lilichomwa moto hadi likawa mkaa. Hilo ndilo linaloipa vanila, nazi na utamu unaokaribia asali. Wiski kama yako, ikishakaa humo miaka, huhamishiwa kwenye pipa lililowahi kulazwa sheri, ule mvinyo ulioongezwa kilevi unaotoka Jerez na miji jirani, kusini mwa Hispania. Hukaa humo miezi kadhaa, pengine miaka miwili, ndipo hutolewa. Mtindo huu si wa kale sana. Balvenie DoubleWood, ambayo wengi huitolea mfano, iliingia sokoni mwaka 1993, na kwenye pipa la sheri hukaa miezi 9 hivi tu.

Miezi hiyo ni kama kufukiza kanzu kwa udi. Kanzu ikitoka kwenye chetezo inanukia udi, lakini ukiisogeza puani, sabuni iliyofulia bado ipo chini yake. Wiski iliyolala kwenye mapipa ya sheri maisha yake yote, kama Glenfarclas au GlenDronach ya miaka 12, ni kitambaa kilichotiwa rangi tangu kikiwa uzi. Yako imefukizwa. Ina tabaka mbili, na watu wawili wanaweza kukaa meza moja kila mmoja akanusa tabaka lake. Asali aliyoitaja shemeji mimi ningeiweka chini, kwenye bourbon. Chungwa lako na zabibu yake ziko juu, kwenye sheri.

Na sheri nayo si kitu kimoja. Oloroso huachwa ipigwe na hewa ndani ya pipa kwa miaka hadi igeuke rangi ya kahawia. Wanaoijua hutaja njugu za kukaanga, ganda la chungwa lililokauka, ngozi, tumbaku. Pedro Ximénez ni habari nyingine kabisa: zabibu huanikwa juani mpaka zisinyae, ndipo hukamuliwa, na mvinyo wake huwa mweusi, mzito, mtamu kama tende zilizochemshwa zikapondwa. Humo ndimo zinamotoka tini, zabibu kavu na mara nyingi chokoleti. Geuza chupa usome maandishi madogo ya nyuma. Ikiwa imetajwa oloroso peke yake, wewe ulikuwa karibu zaidi na pipa. Ikiwa ni Pedro Ximénez, shemeji. Ikiwa zote mbili, na wapo watengenezaji wanaofanya hivyo, basi kila mmoja wenu kachota upande wake.

Mti wenyewe pia hunukia. Mwaloni una eugenoli, hasa ule wa Ulaya, na eugenoli ndiyo kiini cha harufu ya karafuu. Mteja mmoja pale kaunta aliwahi kuniambia toti yake inanuka chumba cha daktari wa meno. Wenzake walimcheka mpaka wakagonga meza. Alikuwa amesikia vizuri kuliko wote: mafuta ya karafuu na dawa za meno vimefahamiana siku nyingi. Neno karafuu halikumjia, kiti cha daktari kikamjia.

Wala usidhani pipa lako lilikaa na mvinyo wa babu wa mtu nusu karne. Zamani sheri ilisafirishwa hadi Uingereza ikiwa ndani ya mapipa, na watu wa wiski wakayachukua mapipa matupu. Hispania ilipotaka, miaka ya 1980, sheri itiwe chupani kule kule, mapipa ya namna hiyo yakaadimika. Siku hizi pipa jipya hujazwa sheri mwaka mmoja au miwili kwa lengo la kuliandaa tu, kisha huuzwa Scotland. Ladha hiyo ya sheri ilipangwa tangu pipa likiundwa. Na rangi nyekundu nzuri uliyoiona kwenye glasi usiitegemee sana kama ushahidi, kwa sababu sheria inaruhusu kuongeza rangi ya sukari iliyounguzwa.

Sasa neno lako la kwanza, tumbaku. Nina ugomvi nalo wa siku nyingi. Mzungu anayeandika tumbaku kwenye maelezo ya wiski anawaza kopo la tumbaku ya kiko, au sanduku la mbao la sigara. Mtu wa Tabora akisema tumbaku anawaza bani, banda la kukaushia tumbaku: jani linalokauka kwa joto, harufu ya nyasi kavu, sukari inayokaribia kuungua, na kuni zinazowaka kwa nje. Wewe huenda unawaza ugoro wa bibi. Neno ni moja, harufu ni tatu, na ugoro na bani havikaribiani hata kwa mbali.

Msimu mmoja niliitwa kuonja ndoo za asali ghalani. Ndoo ya nne nikaandika “tumbaku” kwenye karatasi, nikasonga mbele. Mnunuzi akaliona neno, akaisukuma ndoo pembeni kwa mguu. Kwake, tumbaku maana yake asali imelazwa pamoja na marobota, imeshika harufu, hainunui. Mwenye asali, mzee mmoja mrina asali kutoka upande wa Sikonge, hakubishana. Alitoka nje, akakaa kitambo, akarudi na jani la tumbaku lililokaushwa, kalikunja kiganjani. “Nusa hili kwanza,” akaniambia, “halafu unuse asali yangu.” Nikalinusa. Jani lina ukali unaopanda puani, lina vumbi, lina kitu kama majani ya chai yaliyokaa kabatini. Nikarudi kwenye ndoo. Hamna. Kilichokuwemo ni ule utamu mweusi tu uliomo ndani ya jani, utamu ambao utaukuta pia kwenye furu iliyoiva sana na kwenye sukari guru. Nilikuwa nimeandika tumbaku bila kuwa na tumbaku mbele yangu. Nikalikata neno, nikaandika “sukari guru, tunda jeusi”, ndoo ikarudishwa kwenye mstari. Mzee akalipwa. Ila hakuniaga.

Tangu siku hiyo siandiki jina la kitu ambacho sijakinusa siku za karibuni. Nawe fanya hivyo kabla hujagusa tena hiyo wiski. Tafuta vikopo vidogo vyenye vifuniko, vile vya jamu vinafaa. Weka zabibu kavu kwenye kimoja, tende kwenye kingine, kingine karafuu tatu, kingine ganda la chungwa ulilolianika siku mbili, kingine asali ya miombo iliyo nyeusi. Tumbaku shemeji atakutafutia, yuko kwenye mji wake. Ongeza karanga za kukaanga, kahawa iliyosagwa ya Kigoma na kipande cha chokoleti isiyo na maziwa mengi. Na njiti ya kiberiti: iwashe, izime, itupie koponi, funga haraka. Ukisema “tumbaku” fungua kopo la tumbaku, nusa, rudi kwenye glasi. Utashangaa maneno yako mangapi yatahama. Nakisia tumbaku yako itasogea kwenye tende na ganda la chungwa, na zabibu ya shemeji itasogea huko huko, mkutane katikati. Lakini hilo ni kisio, vikopo ndivyo vitakavyoamua.

Keki ya Krismasi msiitafute. Ni keki ya Waingereza iliyojaa zabibu kavu, maganda ya machungwa, mdalasini na kungumanga, hulowekwa brandi na kuachwa wiki kadhaa. Aliyeandika lebo alikuwa anakumbuka kwa mama yake, kama wewe unavyokumbuka kwenu. Kwa lugha ya hapa ningesema tende zilizopondwa na karafuu na ganda la chungwa, na hapo wote mngeelewana kwa harufu moja.

Wapo wasomaji wangu wa Ujiji wasiokunywa pombe, nao huniuliza zoezi hili la vikopo linawafaa vipi. Linafaa vile vile kwa kahawa na kwa asali, waliache hilo la glasi.

Nije kwenye namna mlivyoonja, ambako shemeji ana haki kidogo. Wewe ulionja baada ya chakula chenye pilipili. Ukali wa pilipili na mchomo wa kilevi hupita mlango mmoja mdomoni. Mlango ukishawashwa na pilipili, wiski ya asilimia 46 huuma mara mbili, na utamu wake hufunikwa. Ndiyo maana hukutaja kitu kitamu hata kimoja. Halafu glasi ya maji: mdomo wake mpana, harufu nyororo zinatawanyika, kinachokufikia puani ni kilevi na vile vyenye ukali. Jioni ya Kigoma nayo ina joto, na joto hupandisha kilevi haraka. Tabora iko juu zaidi na huwa na ubaridi wa usiku. Sijui shemeji alitumia glasi gani, ila kama ni ya mvinyo, iliyobanwa juu, alishaanza mbele yako.

Kisha kuna hizo wiki mbili. Chupa iliyobaki nusu ina nusu nyingine ya hewa, na yako ilitikiswa njia nzima ndani ya behewa. Wiski haichachi kama mvinyo, lakini hewa inaigusa. Harufu za kiberiti, hasa zile nyepesi, mara nyingi hupungua chupa ikishapumua. Kwa hiyo inawezekana kabisa alichokinywa shemeji hakikuwa sawasawa na ulichokinywa wewe, ingawa chupa ni ile ile na kizibo ni kile kile.

Na kuna swali moja la kumuuliza kwa upole: aliisoma lebo kabla ya kuonja, au baada? Zabibu kavu na chokoleti ni watoto wa nyumba moja na keki na tini. Simshutumu. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio ambalo waliwapa wanafunzi 54 wa mvinyo divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Hao ni watu waliokuwa wakisomea kazi hiyo. Jicho liliwatangulia. Lebo hufanya kazi hiyo hiyo, na mkubwa akizungumza kwanza mezani, huifanya zaidi. Mimi siku hizi nikionja asali na wenzangu tunaandika kimya, karatasi zinageuzwa chini, na aliye mdogo ndiye anayesoma kwanza.

Kiberiti sasa. Kama ulikisikia, uwezekano mkubwa kilikuwemo. Ni harufu inayojulikana sana kwenye wiski za mapipa ya sheri, na imewagombanisha watu wenye uzoefu kuliko wewe na mimi. Pipa tupu la mvinyo huota ukungu na kuchacha, na dawa ya tangu zamani ni kuchoma utambi wa salfa, yaani madini ya kiberiti, ndani yake. Mabaki hushika kwenye mti. Njia nyingine haihusiani na sheri: nafaka inapochacha hutoa kemikali zenye salfa, na moja ya kazi za shaba kwenye mitungi ya kukenekea ni kuzinasa. Zisiponaswa zote, zinaendelea na safari. Utazikuta zikiwa njiti iliyozimwa, mpira, kabichi iliyochemshwa, hata yai. Wapo wanaozipenda kwa kiasi, wakaziita baruti au nyama ya kuchoma. Mimi simo.

Basi shemeji asiyeisikia anadanganya? Hapana. Pua za watu hazifanani, na si kwa ustadi tu, bali kwa maumbile. Mwaka 2008 watafiti wa Australia waliitambulisha rotundoni, kemikali inayoipa divai ya Shiraz harufu ya pilipili manga. Walipowajaribu watu, takriban mmoja kati ya watano hakuisikia, hata ilipotiwa kwa wingi kwenye maji matupu. Watu hao wangeketi na wewe meza moja, chupa moja, wewe ukasema pilipili manga, wao wakakuapia hakuna. Kwa salfa nimeyaona hayo kwa macho yangu mara nyingi pale kaunta: mmoja anarudisha glasi, jirani yake anaimalizia kwa furaha.

Kwa hiyo jambo la kujua ni moja: kiberiti kimo kwenye chupa na pua zenu zinatofautiana, au kilikuwemo Kigoma kikaishia njiani? Hilo linapimika, na halihitaji maabara.

Tafuta waya wa umeme wa shaba, mpya, uuvue plastiki yake, usugue kwa limau na chumvi, usuuze vizuri, ukaushe. Dada yako awe mwamuzi, maana yeye ndiye aliyeileta chupa na hana upande. Achukue glasi tatu zinazofanana, abandike chini yake namba msizoziona. Kila moja aitie mililita 15 za wiski. Bomba la sindano la duka la dawa linapima vizuri kuliko kijiko. Kwenye moja atumbukize waya, akoroge, aache dakika kumi, autoe. Shaba itanasa sehemu ya salfa, kama inavyofanya kule kiwandani. Kisha awaletee glasi zote tatu, mnuse, mseme ipi ni mgeni. Kunusa tu. Ile yenye shaba isinywewe, imwagwe.

Ukibahatisha, una nafasi moja kati ya tatu ya kupatia, kwa hiyo ukipatia mara moja usianze kutamba. Dada arudie mara tatu, kila mara akibadilisha mpangilio na wiski mpya. Kupatia zote tatu kwa bahati tupu ni nafasi moja kati ya 27. Kama wewe umepatia zote na shemeji kakosa, pua zenu zinatofautiana na ugomvi umekwisha. Kama wote mmepatia, alikuwa anaisikia ila hakuwa na jina lake. Kama wote mmekosa, huenda hewa imeshaiondoa, ingawa tahadhari: si kila harufu ya kiberiti hunaswa na shaba, kwa hiyo kukosa hakuthibitishi kwamba ulijitungia siku ile ya kwanza.

Siku nyingine, asubuhi kabla ya chai nzito, ndiyo mwonje sasa. Mililita 25 kila mtu, glasi iliyobanwa juu, msiizungushe kama watu wa kwenye sinema, wala msitumbukize pua ndani. Isogezeni usawa wa kidevu, mdomo wazi kidogo, mvute polepole. Andikeni. Pua ikichoka, kila mtu anuse kiwiko chake mwenyewe, kisha arudi. Mkionja, weka tone dogo ulimini, lizungushe, uliteme au ulimeze, halafu utoe pumzi puani mdomo ukiwa umefungwa. Hapo ndipo utakapojua kwamba sehemu kubwa ya unachokiita ladha ni harufu inayopandia nyuma ya koo.

Baada ya hapo ongeza mililita 5 za maji ya kawaida, si ya barafu. Wiski yako ya asilimia 46 itashuka hadi 38 na kidogo, mchomo utalegea, na mambo yaliyokuwa nyuma yatakuja mbele. Kwenye hizi zilizomaliziwa sheri, mimi huwa naona maji yanazisumbua zile zenye tabaka nyembamba: udi unapeperuka, inabaki kanzu. Yako ikibaki na zabibu na chungwa hata baada ya maji, basi pipa lilifanya kazi yake. Ikirudi vanila na asali tupu, ilifukizwa kwa haraka. Tafadhali niandikie hilo, kwa sababu ndilo ninalotaka kulijua kuliko kiberiti chenu.

Jambo la mwisho ni karatasi. Msiandike majina peke yake. Andikeni lini harufu ilikuja: kabla ya kuonja, ikiwa mdomoni, au baada ya kumeza, na ilikaa muda gani. Wewe uliandika “mwishoni njiti ya kiberiti”, na neno hilo “mwishoni” lilinisaidia kuliko mengine yote. Shemeji hakuandika lini lake lilikuja. Kama zabibu yake ilikuja mwanzoni na tumbaku yako katikati, mlikuwa mnasoma kurasa mbili za kitabu kimoja kila mtu kwa wakati wake.

Nitumieni matokeo, na namba za glasi pia. Na chupa nyingine ikija kutoka kwa dada, ipande treni ikiwa bado na lakiri yake.